Cha Kwanza Kupakiwa

Agosti iliyopita binamu yangu alikuja Isiolo na gari la umeme aliloazimwa na bosi wake. Tulikuwa tunampeleka Ayeyo, nyanya yetu mzaa mama, Marsabit kumwona dadake. Ni kama kilomita 260. Binamu hakuchoka kutuonyesha nafasi za hilo gari: buti ya nyuma, chini yake shimo la kuweka nyaya za kuchajia, na buti nyingine ndogo mbele, pale ambapo magari mengine yana injini.

Tulipakia maji lita arobaini, mchele, unga, mtungi wa maziwa ya ngamia, blanketi. Ayeyo alikaa kwenye kiti cha plastiki akitutazama tu. Mwishowe akauliza: "Na karatasi mmeweka wapi?"

Binamu akadhani anauliza stakabadhi za gari. Ayeyo alikuwa anauliza vitambulisho.

Nilisomea historia chuoni miaka miwili kabla ya karo kunishinda. Lakini somo la namna watu wa huku wanavyofunga mzigo nimelipata nyumbani, na naona linaeleza mengi kuhusu Isiolo.

Tuanze na ngamia. Nyumba ya mfugaji Msomali, Mgabra au Mrendille ilijengwa ili ihame. Mikeka inakuwa tandiko mgongoni mwa ngamia, miti iliyopindwa inafungwa ubavuni, kisha vyombo vya maji na maziwa, na juu wanakaa watoto wadogo na wazee wasioweza kutembea. Hiyo ni kazi ya wanawake. Ayeyo aliifanya akiwa msichana na anaikumbuka vizuri: mzigo wa kulia ulingane na wa kushoto, la sivyo ngamia anatoka vidonda, na kitakachohitajika kwanza jioni kipakiwe mwisho asubuhi. Katika mzigo huo wa zamani karatasi haikuwemo.

Karatasi ilikuja na Waingereza. Sheria ya mwaka 1902 iliwapa uwezo wa kufunga wilaya za mbali, na ile ya 1934 ikawabana wafugaji zaidi kuhusu nani akae wapi. Kaskazini yote ikaitwa NFD, Isiolo ikawa makao yake makuu, na kizuizi kikawekwa barabarani. Bila pasi hukushuka kusini wala hukupanda kaskazini. Ndiyo maana hadi leo utamsikia mzee wa hapa akipanda basi la Nairobi akikuambia, "Naenda Kenya." Babu yake Ayeyo alipigana upande wa Mwingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, akaletwa kuishi Isiolo pamoja na Wasomali wengine waliokuwa askari, na bado alihitaji pasi. Miaka ya hamsini, George Adamson, afisa wa wanyamapori aliyeishi hapa hapa, alikuwa akizunguka na simba wake Elsa amelala juu ya paa la Land Rover. Simba hakuulizwa pasi.

Uhuru ulikuja Desemba 1963, na kabla mwezi haujaisha hali ya hatari ikatangazwa huku kwa sababu ya vita vya Shifta. Vita viliisha 1967. Sheria zake zilibaki hadi 1991.

Kwa hiyo enzi ya lori ilikuwa pia enzi ya msafara. Lori la Moyale lilipakiwa bidhaa wakati wa kupanda na mifugo wakati wa kushuka, abiria wakiwa juu wameshikilia vyuma. Utingo ndiye aliyejua kila kitu kiko wapi: pipa la dizeli, maji ya rejeta, matairi ya akiba, sepetu ya kuchimbua gurudumu kwenye matope. Ukiwa juu hukuachia mfuko wako mtu yeyote. Pesa iliingia kwenye soksi, kitambulisho kifuani.

Halafu ikaja 1989. Serikali iliamuru Wasomali wa Kenya wakaguliwe upya, na waliopita wakapewa kadi ya rangi ya waridi, juu ya kitambulisho cha kawaida. Ayeyo alipanga foleni na mtoto mgongoni. Aliulizwa ukoo, babu, chifu. Kadi yake bado iko, ndani ya bahasha ya nailoni, kona zimelika.

Mimi niliambiwa mambo yamebadilika. Nilipotimiza miaka 18 niliitwa mbele ya kamati kutaja ukoo wangu, nikasubiri kitambulisho miezi kumi na minne. Wenzangu wa kusini walipata chao kwa wiki chache. Februari 2025 Rais alitangaza kwamba ukaguzi huo wa ziada umefutwa. Mdogo wangu anatimiza 18 mwaka huu, basi tutaona.

Barabara yenyewe kweli imebadilika. Kufikia 2017 lami ilishafika Moyale, na safari ya siku kadhaa ikawa ya siku moja. Shida yetu ilikuwa nyingine: umeme huwezi kuubeba kwenye mtungi wa akiba. Na Kaunti ya Marsabit hiyo hiyo ina mitambo 365 ya upepo kule Loiyangalani, megawati 310, ila laini yake kubwa inashuka Suswa. Kwa lugha ya wazee, upepo nao unaenda Kenya.

Tuliondoka alfajiri, betri imejaa. Kila kitu kilikuwa na nafasi yake isipokuwa ile bahasha. Binamu alimwonyesha Ayeyo kibweta chenye kufuli, akakataa. Akaipakata.

Kwenye kizuizi cha kwanza askari kijana alitusimamisha. Alitaka kuona injini. Binamu akafungua mbele. Askari akakuta unga na blanketi, akacheka mpaka akaita wenzake. Hakuuliza karatasi.

Ayeyo alikuwa ameshaitoa kadi yake na kuinyoosha dirishani. Mkono ulibaki pale hadi tukaondoka. Tulipopita Archer's Post nilimwambia, "Ayeyo, rudisha basi, wametuacha."

Akasema, "Hao wa kwanza. Mbele je?"

Aliirudisha kwenye bahasha tulipofika Laisamis.