Reli ya abiria Nairobi: Stesheni mpya pekee hazitoshi

NAIROBI ni jiji lililozaliwa na reli. Ujenzi wa reli kutoka Mombasa ulianza mwaka wa 1896, ukafika mahali hapa 1899 palipokuwa kinamasi na malisho ya Wamaasai, na kufikia mwisho wa 1901 ulikuwa umetia kikomo Kisumu. Jiji lilichipuka kandokando ya karakana na nyumba za wafanyakazi wa reli. Hata hivyo, zaidi ya karne moja baadaye, wakazi wengi wa jiji hilo huenda kazini kwa matatu au kwa miguu, huku garimoshi likiwabeba wachache tu.

Haja ya kubadilisha hali hiyo si ndogo. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Kaunti ya Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073. Kaunti jirani za Kiambu, Machakos na Kajiado kwa pamoja zilikuwa na karibu watu milioni 5. Wengi wao hulala Ruiru, Kikuyu, Kitengela au Athi River na kuchumia riziki jijini. Barabara, hata zikipanuliwa namna gani, hujaa tena. Barabara kuu ya Thika ilikamilishwa 2012, na ile ya juu kutoka Mlolongo hadi Westlands, yenye urefu wa kilomita 27 na inayotozwa ada, ikafunguliwa 2022. Lakini msongamano wa asubuhi na jioni haujaisha.

Mtandao wa reli ya abiria hutoka Stesheni Kuu ya Nairobi kwa matawi manne. Upande wa magharibi njia hupitia Kibera na Dagoretti hadi Kikuyu na Limuru. Upande wa mashariki kuna njia tatu: ya Syokimau na Athi River, ya Embakasi, na ile inayopitia Dandora, Githurai na Kahawa kuelekea Ruiru na Thika. Kwa hivyo reli tayari inapita katika mitaa yenye watu wengi zaidi. Tatizo si mahali ilipo, bali ni uwezo wake.

Uwezo huo ulidhoofika kwa miaka mingi. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliposambaratika 1977, shirika la reli la pamoja lilivunjika na Kenya ikaunda Shirika la Reli la Kenya mwaka uliofuata. Vichwa vya garimoshi vilizeeka na matengenezo yakapuuzwa. Novemba 2006 huduma zikakabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways, ile ya mizigo kwa mkataba wa miaka 25, lakini mkataba huo ulivunjwa 2017. Kati ya hapo, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, Januari 2008, vijana waling'oa reli mtaani Kibera na kukatiza usafiri kuelekea magharibi mwa nchi na Uganda.

Ufufuzi ulianza kuonekana Novemba 2012, Rais Mwai Kibaki alipofungua stesheni ya Syokimau, iliyotajwa kuwa ya kwanza mpya kujengwa tangu uhuru. Zile za Makadara na Imara Daima zikafuata. Novemba 2020 Rais Uhuru Kenyatta alizindua magarimoshi 11 yaliyowahi kutumika kisiwani Mallorca, Uhispania. Sababu moja ya kuyatafuta huko ni kwamba reli za kisiwa hicho, kama reli kongwe ya Kenya, zina upana wa mita moja. Mabehewa hayo yana injini zake na huendeshwa kutoka ncha yoyote, hivyo yakifika mwisho wa safari hayahitaji kichwa kizungushwe upande wa pili. Dakika zinazookolewa hapo ni nyingi.

Hata hivyo, garimoshi zuri haliwezi kuishinda njia mbovu. Sehemu kubwa ya mtandao huu ina njia moja tu, na magarimoshi mawili yanayokutana hulazimika kupishana stesheni. Tuseme kuna mwendo wa dakika 30 kati ya mahali pawili pa kupishana. Garimoshi moja likienda na jingine likirudi, saa nzima imekwisha. Maana yake ni kwamba kila upande utapata garimoshi moja kwa saa, hata kama mengine kumi yameegeshwa yakisubiri. Mfanyakazi anayetakiwa kufika saa moja na nusu asubuhi akilikosa hilo moja, atapanda matatu, na huenda asirudi tena stesheni.

Isitoshe, njia tatu za mashariki hukutana Makadara kabla ya kuingia mjini, na mizigo nayo hutumia reli hiyo hiyo ya zamani. Kuchelewa kwa garimoshi la Embakasi kunaweza kulichelewesha la Ruiru. Ndiyo maana wahandisi huweka mbele mambo yasiyopigiwa picha siku ya uzinduzi: kujenga njia ya pili, kubadilisha mataruma, kuongeza kokoto na kuweka ishara za kisasa za kuelekeza mwendo.

Jambo jingine ni mahali reli inapokatana na barabara. Oktoba 2013 basi na garimoshi viligongana Mutindwa, mashariki mwa jiji, na watu zaidi ya kumi wakafariki. Kadiri magarimoshi yanavyoongezeka ndivyo hatari hiyo inavyoongezeka, isipokuwa pajengwe madaraja, vizuizi vya kufunga barabara na vivuko vya waenda kwa miguu. Huko Kibera na Mukuru, ambako nyumba na vibanda vilisongea hadi ukingoni mwa reli, upanuzi ulimaanisha pia kuwahamisha watu na kuwajengea makao mapya.

Reli mpya ya SGR nayo haiwezi kuchukua mzigo huu peke yake. Upana wake ni milimita 1,435, kwa hivyo garimoshi la reli kongwe haliwezi kuipita. Abiria wa Mombasa hushuka Syokimau na kupanda jingine la kuingia mjini. Sehemu iliyofunguliwa Oktoba 2019 kuelekea Naivasha ina stesheni za Ongata Rongai na Ngong, lakini haifiki katikati ya jiji, na anayekwenda mjini bado hulazimika kubadilisha.

Kubadilisha si kosa iwapo kumepangwa. Mamlaka ya uchukuzi ya eneo la jiji, NAMATA, iliundwa Februari 2017 ili kuunganisha mipango ya kaunti tano. Kazi hiyo inahitaji matatu zinazosubiri nje ya stesheni kwa ratiba inayolingana na ya garimoshi, na tiketi moja inayokubalika pande zote mbili.

Afrika Mashariki ina mafunzo ya karibu. Dar es Salaam ilianzisha usafiri wa garimoshi la abiria jijini Oktoba 2012 kwa kutumia reli za zamani, na wananchi wakaliita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Addis Ababa ilichagua njia ghali zaidi: reli mpya ya umeme, yenye njia mbili, iliyofunguliwa Septemba 2015 ikiwa na magarimoshi 41. Kufikia 2022 sehemu kubwa ya magarimoshi hayo ilikuwa imeegeshwa kwa kukosa vipuri. Ya kwanza inaonyesha kwamba kilichopo kinaweza kufaa. Ya pili, kwamba ununuzi bila bajeti ya matengenezo ni sawa na kutwanga maji kinuni.

Kwa hivyo mwananchi anapotangaziwa mradi wa kupanua reli, hesabu ya stesheni na bei ya mabehewa si kipimo cha kutosha. Maswali yafaayo ni machache: Garimoshi litapita kila baada ya dakika ngapi? Litakuwa na njia yake ya kwenda na ya kurudi? Ni fedha kiasi gani zimetengewa ukarabati kila mwaka? Na nauli yake itamfaa yule ambaye leo anatembea kutoka Kibera hadi Eneo la Viwandani kwa sababu hana ya matatu? Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayoonyesha iwapo reli iliyolizaa jiji itaweza kuwabeba watu wake.