Vumbi Lililonusurika na Lami

Mwaka 1997 watu 92 walikusanyika Gaiole in Chianti, mji mdogo wa vilimani kati ya Firenze na Siena nchini Italia, wakiwa na baiskeli kuukuu za chuma na fulana za sufu za enzi za baba zao. Aliyewaita ni mwenyeji wa hapo hapo, Giancarlo Brocci, na dai lake lingemshangaza mpiga kura yeyote wa Afrika Mashariki: barabara za vumbi za Chianti zisitiwe lami. Kwetu mgombea huomba kura kwa kuahidi lami, na siku greda linapoingia kijijini watoto hulifuata wakishangilia. Brocci alipigania kinyume chake, na baiskeli ndiyo silaha aliyoichagua. Ziara ile ya baiskeli ikapewa jina la L'Eroica.

Barabara zenyewe huitwa strade bianche, barabara nyeupe, kwa sababu ya mawe ya chokaa yaliyopondwa na kumwagwa juu yake. Kiangazi gari moja tu likipita, vumbi hutanda juu ya mizabibu pande zote mbili na majani ya mizeituni hubadilika rangi. Mvua ikinyesha, hasa kusini-mashariki mwa Siena kwenye vilima vya mfinyanzi viitwavyo Crete Senesi, vumbi hilo huwa tope zito linalogandia tairi na kuziba breki. Barabara hizo ni nyembamba, hupita juu ya migongo ya vilima, na hupinda kila penye nyumba ya shamba, kwani zilichongwa kwa ajili ya mikokoteni ya ng'ombe.

Anayezipitia kwa utulivu anapita juu ya tabaka nyingi za historia. Mwaka 990 Sigeric, Askofu Mkuu wa Canterbury, alipokuwa akirudi Uingereza kutoka Roma, aliandikiwa orodha ya vituo alivyolala, na Siena imo. Njia ile, Via Francigena, iliwaleta mahujaji, wafanyabiashara na askari kwa karne kadhaa. Tarehe 4 Septemba 1260, huko Montaperti kando ya kijito cha Arbia, jeshi la Siena na washirika wake lilivunja jeshi la Firenze, mauaji yakawa makubwa kiasi kwamba mshairi Dante aliyataja katika utenzi wake. Buonconvento, mji wenye ukuta wa matofali ambao waendesha baiskeli hupita leo wakitafuta kahawa, ndipo alipofia Kaisari Henry VII mwaka 1313.

Wenyeji wana kisa chao pia kuhusu mpaka wa Siena na Firenze. Inasimuliwa kwamba miji hiyo miwili, ikichoka kupigana, ilikubaliana kila mmoja utume mpanda farasi jogoo atakapowika alfajiri, na mpaka uwe pale watakapokutana. Siena wakamlisha vizuri jogoo wao mweupe. Firenze wakamnyima chakula jogoo wao mweusi, naye kwa njaa akawika usiku bado mchanga. Mpanda farasi wa Firenze akafika karibu kabisa na Siena, ndiyo maana Chianti karibu yote ikawa ya Firenze. Ni hekaya, lakini jogoo huyo mweusi yuko mpaka leo kwenye chupa za mvinyo wa Chianti Classico. Mipaka ya kisheria ya eneo la mvinyo ilikuja baadaye, kwa amri ya Mtawala Cosimo III wa ukoo wa Medici, mwaka 1716.

Lakini barabara nyeupe ni kazi ya wakulima zaidi kuliko ya watawala. Kwa karne nyingi mashambani katika mkoa wa Toscana kulikuwa na mfumo wa mezzadria: mwenye ardhi alitoa shamba na nyumba, familia ya mkulima ikatoa jasho, na mavuno yakagawanywa nusu kwa nusu. Familia ilikuwa kubwa kwa sababu shamba lilihitaji mikono, na mahali pengi kijana hakuoa bila ridhaa ya mwenye ardhi. Kila shamba lilikuwa na nyumba yake ya mawe kileleni, na kila nyumba ilihitaji njia ya kufikisha zabibu, ngano na mafuta kwa mwenye mali. Mtandao wa barabara nyeupe unaovutia wageni leo ulitokana na hesabu hiyo ya nusu kwa nusu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mfumo ukaporomoka. Viwanda vya Firenze, Prato na Poggibonsi vililipa mshahara kila mwezi, jambo ambalo shamba halikuweza. Vijana wakashuka vilimani kwa maelfu. Sheria ya mwaka 1964 ikapiga marufuku mikataba mipya ya mezzadria, na ya mwaka 1982 ikaamuru iliyobaki igeuzwe kuwa ya kupangisha. Nyumba zikabaki na milango wazi, mapaa yakaanguka, na barabara zikakosa wa kuzipitia. Lami ilifuata palipokuwa na watu, viwanda na magari, ikazisahau njia za vilimani. Ni vizuri hili likumbukwe kila picha ya barabara hizo inaposifiwa: uzuri ule ulihifadhiwa kwanza na umaskini na uhamaji, muda mrefu kabla ya mtu yeyote kufikiria kuulinda.

Wageni walipoanza kununua magofu na kuyakarabati, na mvinyo ulipopanda bei, lami nayo ikaanza kupanda vilima. Hapo ndipo Brocci alipoingia. Alielewa kwamba barabara isiyotumiwa haina mtetezi, na kwamba kipindi ambacho Waitalia wa rika lake walikipenda kuliko vyote katika mbio za baiskeli, enzi ya Gino Bartali na Fausto Coppi, kilipita juu ya barabara za namna hiyo hiyo. Kwa hiyo aliunganisha kumbukumbu na vumbi.

Coppi, bingwa wa Tour de France mwaka 1949 na 1952, ana uhusiano wa huzuni na Afrika. Desemba 1959 alikwenda Upper Volta, Burkina Faso ya leo, kushindana na kuwinda. Alirudi na malaria, madaktari wa Italia hawakuitambua, akafariki tarehe 2 Januari 1960 akiwa na miaka 40 tu. Bartali alikuwa mtoto wa nyumbani: alizaliwa mwaka 1914 Ponte a Ema, kwenye barabara inayotoka Firenze kuelekea Chianti. Alishinda Tour mara mbili, mwaka 1938 na 1948, miaka kumi kati ya ushindi mmoja na mwingine, na katikati yake vita. Mwaka 2013 taasisi ya Yad Vashem ya Israeli ilimtambua kuwa miongoni mwa waliookoa Wayahudi. Inaelezwa kwamba alisafirisha nyaraka bandia akizificha ndani ya bomba la fremu, akijifanya yuko mazoezini, ingawa wanahistoria bado wanabishana kuhusu undani wa safari hizo. Mwenyewe hakupenda kulizungumzia jambo hilo mpaka alipofariki mwaka 2000.

L'Eroica hufanyika kila mwaka mwanzoni mwa Oktoba, na kutoka watu 92 sasa ni maelfu. Masharti ya baiskeli ni makali: iwe ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1980, vishikizo vya gia viwe kwenye bomba la chini la fremu, pedeli ziwe na vizimba na mikanda ya kufungia viatu, na waya za breki zionekane zikining'inia mbele ya usukani. Wengine huzungusha tairi za akiba mabegani, zikapishana kifuani. Wanaokwenda kilomita 209, ambazo zaidi ya nusu ni vumbi, huondoka kabla ya alfajiri. Gizani wanapanda kati ya safu za miberoshi kuelekea ngome ya Brolio, kwa mwanga wa taa ndogo zilizopangwa kando ya njia. Ngome hiyo ni ya ukoo wa Ricasoli, ambao mwanao Bettino alikuwa waziri mkuu wa Italia mara mbili katika karne ya 19 na ndiye aliyeandika mchanganyiko wa zabibu za Chianti mwaka 1872. Vituoni hakuna pakiti za vyakula vya maabara. Kuna ribollita, supu nzito ya maharagwe, kabeji nyeusi na mkate mkavu, chakula kilekile cha jikoni mwa wakulima wa mezzadria.

Wachezaji wa kulipwa walifuata. Oktoba 2007 Mrusi Alexandr Kolobnev alishinda mbio za kwanza za kulipwa, ambazo leo zinaitwa Strade Bianche na kumalizikia katika uwanja wa Piazza del Campo, Siena. Mwaka 2010 mbio za Giro d'Italia zilipita barabara hizo kwenye mvua kuelekea Montalcino, na Cadel Evans akashinda siku hiyo huku fulana yake ya bingwa wa dunia ikiwa haionekani kwa tope. Fabian Cancellara alishinda Strade Bianche mara tatu, na kipande cha Monte Sante Marie, kilomita 11.5 za kupanda na kushuka, kikapewa jina lake. Wanawake walianza mbio zao mwaka 2015. Machi 2025 Tadej Pogačar alianguka katika Strade Bianche, akainuka akivuja damu, akashinda. Septemba ya mwaka huo huo akatwaa ubingwa wa dunia jijini Kigali, mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufanyika Afrika.

Haki ni kusema kwamba vumbi hili linapendeza kwa sababu karibu yake ipo barabara nyingine ya lami ya kumfikisha mjamzito hospitali. Brocci hakupigania watu wakose njia. Alipigania njia za mashamba, na hapo alikuwa sahihi: lami ingeongeza mwendo wa magari, na magari yangewafukuza watembea kwa miguu, wapanda farasi na waendesha baiskeli.

Atakayebahatika kufika huko asisubiri Oktoba. Njia nzima ya L'Eroica imewekewa vibao na iko wazi mwaka mzima kwa baiskeli yoyote. Achague Mei, na abebe maji ya kutosha, mpira wa akiba na pampu, kwani akishaiacha Asciano na kuingia Monte Sante Marie hatakuta duka wala fundi.