Shahada ya Famasia

Shahada ya Famasia ni shahada ya kwanza ya chuo kikuu inayomwandaa mtu kuwa mfamasia, mtaalamu anayetambuliwa kisheria kusimamia utengenezaji, utunzaji na utoaji wa dawa. Tanzania husomwa kwa miaka 4, kisha mhitimu hufanya utarajali wa mwaka mmoja. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi masomo yenyewe huchukua miaka 5. Mafunzo ya shahada nchini Tanzania yalianzia Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 1974, yakiwa chini ya Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Muhimbili ikawa chuo kikuu kinachojitegemea, MUHAS, mwaka 2007. Leo famasia inafundishwa pia Bugando mjini Mwanza na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana cha Dodoma.

Mteja anayemwona mfamasia dirishani akiandika "1×3" juu ya bahasha ya vidonge hana sababu ya kudhani kwamba mtu huyo aliwahi kukesha na kemia. Lakini kemia ndiyo inayowatoa jasho wengi. Wanaoingia wengi wametoka tahasusi ya PCB (fizikia, kemia na baiolojia), na mwaka wa kwanza hukutana na anatomia, fiziolojia na baiokemia, masomo yaleyale ya wenzao wa udaktari. Baada ya hapo njia zinaachana: daktari mtarajiwa anageukia ugonjwa, na mfamasia mtarajiwa anageukia molekuli. Anajifunza jinsi asidi ya salisiliki inavyogeuzwa kuwa aspirini, na kwa nini badiliko dogo katika umbo la penisilini huifanya istahimili asidi ya tumbo.

Hesabu za dozi hufundishwa mapema na kurudiwa hadi zizoeleke. Mtoto wa kilo 12 anahitaji parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo. Hizo ni miligramu 180. Dawa ya maji iliyopo ina miligramu 120 katika kila mililita 5, kwa hiyo apewe mililita 7.5. Ni hesabu ya darasa la saba, lakini nukta ikikaa pasipo pake madhara yake si ya darasa la saba: kidonge cha kawaida cha digoksini, dawa ya moyo, kina miligramu 0.25, na anayesoma 2.5 ameongeza dozi mara kumi.

Somo la dawa zitokanazo na viumbe asilia lina mvuto wake Afrika Mashariki. Mwanafunzi husaga majani, huyatazama kwa hadubini na kuchuja viambata kwa vimiminika mbalimbali. Mfano usiokosekana ni Artemisia annua, mmea uliowahi kulimwa kibiashara Kenya, Tanzania na Uganda. Mwanasayansi wa China Tu Youyou, aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2015, alifanikiwa alipoacha kuuchemsha mmea huo na kutumia etha kwenye joto la chini, kwa kuwa joto kali liliharibu kiambata alichokuwa akikitafuta. Muhimbili ina taasisi yake ya tiba asili, iliyoanza mwaka 1974 kama kitengo cha utafiti, kwa hiyo mwanafunzi anayetaka kuuliza kuhusu mitishamba ya nyumbani kwao hahitaji kwenda mbali.

Sehemu ambayo mtu wa nje huijua kidogo kabisa ni uundaji wa dawa. Kidonge kimoja kina kiambata hai pamoja na wanga, laktosi, kilainishi na gundi, na kila kimoja kina kazi yake. Maabara ya chuo huwa na mashine ndogo ya kubana vidonge, na kidonge kilichotoka humo hupimwa uzito, ugumu na muda wa kusambaratika. Kwa kanuni za vitabu vya viwango vya dawa, kama kile cha Uingereza, kidonge kisichopakwa utando kinatakiwa kiwe kimesambaratika majini ndani ya dakika 15. Kisha kuna suala la joto. Dawa zinazokusudiwa kwa nchi kama zetu hujaribiwa kwa muda mrefu katika nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 65 au 75, kwa sababu ghala la Tanga halifanani na ghala la Oslo.

Ni katika somo hilohilo la uundaji ambapo mwanafunzi husimuliwa kisa cha mwaka 1937 nchini Marekani. Kampuni moja iliyeyusha salfanilamaidi, dawa iliyokuwa ikifanya kazi vizuri, ndani ya daiethilini glikoli. Zaidi ya watu 100 walikufa, wakiwemo watoto wengi, na mwaka uliofuata Marekani ikatunga sheria ya kutaka usalama wa dawa uthibitishwe kabla ya kuuzwa. Dawa yenyewe haikuwa na kosa. Kimiminika kilichoibeba ndicho kilichoua. Mwaka 2022 sumu hiyohiyo ilikutwa katika dawa za kikohozi zilizohusishwa na vifo vya watoto Gambia. Mwalimu anayeanza somo la vimumunyisho kwa visa hivi viwili hahitaji kueleza kwa nini linasomwa.

Ufundi huohuo wa kuunda dawa una sura yake njema. Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, ndiko ilikoanza kutengenezwa Kilisun, mafuta ya kukinga jua yaliyobuniwa kwa ajili ya watu wenye ualbino. Uganda, Hospice Africa Uganda ilijenga utaratibu wa kutengeneza morfini ya kunywa kutokana na unga, ikiwa na rangi tofauti ili nguvu zake zisichanganywe, kwa gharama ambayo huduma ya umma inaweza kuibeba.

Famakolojia inaeleza dawa inaufanyia nini mwili, na mwili unaifanyia nini dawa. Dawa ya mseto ya malaria, ambayo Tanzania ilianza kuitumia kama tiba ya kwanza mwaka 2006, inatosha kulifungua somo zima. Kidonge kimoja kina artemetha miligramu 20 na lumefantrini miligramu 120. Artemetha hushambulia vimelea kwa kasi na kutoka mwilini baada ya saa chache. Lumefantrini hubaki siku kadhaa ikimalizia waliosalia. Lumefantrini inapenda mafuta, ndiyo maana mgonjwa huambiwa ameze pamoja na chakula chenye mafuta. Mtu mzima humaliza vidonge 24 kwa siku 3, na dozi ya pili huja saa 8 baada ya ya kwanza. Anayeishia njiani kwa sababu homa imeshuka huwaachia vimelea nafasi ya kurudi.

Miaka ya mwisho humpeleka mwanafunzi wodini. Huko anakutana na mama anayetumia rifampisini kwa kifua kikuu na vidonge vya uzazi wa mpango kwa wakati mmoja, na ni lazima atambue kwamba rifampisini huliharakisha ini kuvunja homoni za vidonge hivyo, kinga dhidi ya mimba ikapungua. Sheria, maadili na usimamizi wa ghala husomwa pia: kabati la dawa za kulevya lenye kufuli na daftari lake, insulini ya kutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8.

Marekani imeegemea zaidi upande huu wa mgonjwa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 shahada inayotambuliwa huko kwa anayeanza taaluma ni ya udaktari wa famasia, na karibu mwaka mzima wa mwisho hutumika kwenye vituo vya huduma. Mitaala ya Afrika Mashariki bado inaipa maabara uzito mkubwa. Ina sababu: eneo linaloagiza sehemu kubwa ya dawa zake kutoka nje linahitaji watu wanaoweza kukipima kidonge na kukikataa.

Shahada hii isichanganywe na stashahada ya fundi dawa sanifu, wala na mafunzo mafupi ya watoa dawa katika maduka ya dawa muhimu, mpango ulioanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003. Maduka hayo huruhusiwa kuuza orodha maalumu tu ya dawa. Mwenye shahada, baada ya utarajali, husajiliwa na Baraza la Famasia, na ndipo anaweza kusimamia famasi, kuajiriwa hospitalini au kiwandani, au kwenda kukagua dawa TMDA, mamlaka ya kudhibiti dawa na vifaa tiba.