Swarthmore au Haverford: vyuo viwili vya Marafiki

Nje kidogo ya jiji la Philadelphia, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, viko vyuo viwili ambavyo mwombaji akisoma vijitabu vyao anaweza kudhani ni kimoja. Haverford kilianzishwa mwaka 1833, Swarthmore mwaka 1864. Vyote viliasisiwa na Wakweka, yaani Marafiki, wale wale wanaojulikana magharibi mwa Kenya tangu misheni ya Kaimosi ya mwaka 1902. Kila kimoja kina wanafunzi wasiofika 2,000, na profesa mwenyewe ndiye anayefundisha na kusahihisha kazi. Elimu yao ni pana: mwanafunzi huingia bila kufungwa na fani, akaonja falsafa, kemia na historia, kisha akachagua somo kuu kufikia mwisho wa mwaka wa pili. Kwetu, kinyume chake, alama za sekondari ndizo huamua kama utasoma sheria au uhandisi kabla hujakanyaga chuo.

Asili ya kuwapo vyuo viwili badala ya kimoja ni ugomvi wa kidini. Mwaka 1827 Wakweka wa Philadelphia waligawanyika. Upande mmoja walikuwa wafuasi wa Elias Hicks, waliotegemea zaidi nuru ya ndani ya kila mtu. Upande wa pili walikuwa wale walioitwa Orthodox, walioshikilia Biblia. Haverford ni chuo cha Orthodox. Swarthmore kilizaliwa kwa wafuasi wa Hicks, na tangu mwanzo kilipokea wasichana pamoja na wavulana, ilhali Haverford hakikufungua milango kikamilifu kwa wanawake hadi mwaka 1980. Wamisionari wa Kaimosi walitoka upande wa Orthodox, hivyo Rafiki wa huko akitaka kutafuta undugu ataupata Haverford. Ila asitarajie kwaya na mahubiri: siku hizi vyuo vyote viwili havifungamani na dhehebu lolote.

Tofauti inayomgusa mwanafunzi hasa ni namna anavyopimwa. Mwaka 1922 rais wa Swarthmore, Frank Aydelotte, aliyekuwa amesoma Oxford, alianzisha programu ya Honors. Wanaojiunga nayo, na si wote, hutumia miaka miwili ya mwisho katika semina za watu wachache, saa kadhaa kwa wiki, kila mmoja akiwa amesoma rundo la maandiko na kujiandaa kubishana. Mwishoni hutahiniwa kwa maandishi na kwa mdomo na wataalamu walioalikwa kutoka nje ya chuo. Kwa mpango huo mwalimu wako anageuka kocha: naye ana hamu ya kuona unavyojitetea mbele ya wageni. Chuo hiki kina sifa ya kazi nyingi, sifa ambayo wanafunzi wake hulalamikia na kujivunia kwa pumzi moja. Walau muhula wa kwanza hawapewi alama za herufi.

Haverford kimejenga kila kitu juu ya kuaminiana. Kanuni yake ya heshima ilianza mwaka 1897, na wanafunzi ndio wanaoitunga na kuipigia kura upya kila mwaka. Mitihani haina msimamizi, na mingi ya mwisho wa muhula mwanafunzi hujipangia mwenyewe saa ya kuifanya. Anayetuhumiwa kunakili hujieleza mbele ya wanafunzi wenzake. Kila anayehitimu hufanya utafiti wa mwisho, kwa kawaida tasnifu. Asiyestahimili mikutano mirefu ya kutafuta mwafaka atachoka huko upesi.

Kwa anayetaka uhandisi, uamuzi ni mwepesi: Swarthmore kinatoa shahada yake, Haverford hakitoi. Haverford nacho kiko jirani kabisa na Bryn Mawr, chuo cha wanawake, basi linazunguka kati yao, na mwanafunzi anaweza kufanya jiolojia au akiolojia huko kama somo kuu. Swarthmore nacho kinashirikiana na vyuo hivyo viwili, lakini umbali hupunguza hamu. Hakuna kati yao chenye timu ya futiboli ya Kimarekani. Haverford kina timu ya kriketi, jambo adimu sana nchini humo.

Linabaki suala la fedha. Gharama kamili kwa mwaka imepita dola 80,000 kote kuwili. Mfuko wa Swarthmore unazidi dola bilioni 2, mara kadhaa ya ule wa Haverford, na msaada wake hautolewi kwa mkopo. Kwa mwombaji kutoka nje ya Marekani, vyuo vyote viwili hutazama uwezo wa familia wakati wa kuamua nani aingie. Akishapokelewa, hugharimia pengo lote lililothibitishwa. Kuomba mapema kwa ahadi ya kujiunga kunaruhusiwa kwa chuo kimoja tu, na ukikubaliwa unaachana na vingine. Anayetaka kulinganisha barua mbili za msaada lazima aombe katika duru ya kawaida na atoe jibu lake kufikia tarehe 1 Mei.