Marufuku ya viroba nchini Tanzania

Marufuku ya viroba ni katazo la kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia pombe kali iliyofungashwa katika vifuko vya plastiki. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alilitangaza Februari 2017 akiwa Mirerani, wilayani Simanjiro, mkoani Manyara. Lilianza Machi 1, 2017.

Kiroba kilikuwa kidogo kiasi cha kuingia katika mfuko wa sare ya shule. Mnywaji alikichana kwa meno, akanywa, akatupa kifuko mtaroni. Ndiyo maana kanuni za katazo zilitungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, wala haukusubiriwa muswada mpya. Muswada hupelekwa kwanza kwenye kamati ya kudumu ya Bunge, ambako wadau hutoa maoni. Kanuni hutungwa na waziri, kwa hiyo wenye maduka walipewa siku chache tu kumaliza shehena zao. Haraka hiyo iliwaumiza, ingawa katazo lenyewe lilistahili.

Pombe za kienyeji, kama buura ya Wairaqw, hazikuguswa. Vilabu vyake viko chini ya Sheria ya Vileo ya 1968.