Mnyauko wa Neva, Si Uchakavu

Ukitaka kuyapa jina moja magonjwa ya Parkinson, Alzheimer na jamaa zao, yale ambayo seli za neva hufa kidogo kidogo kwa miaka mingi, neno linalokuja haraka mdomoni ni uchakavu: uchakavu wa neva. Silikubali. Nguo huchakaa, tairi huchakaa, na kila kitumikacho kitafika huko. Anayelisikia neno hilo huamini kwamba mzee anayetetemeka mkono amechakaa tu, basi. Mimi napendekeza mnyauko wa neva, na sababu yangu imo ndani ya shina la ubongo.

Shina hilo ndilo linalounganisha ubongo na uti wa mgongo. Ndani yake mna vikundi vya nyuroni, yaani seli za neva, vyenye rangi inayoonekana bila hadubini. Katika ubongo wa kati kuna dutu nyeusi, ambayo Kilatini huiita substantia nigra. Chini yake kidogo kuna doa la buluu, locus coeruleus. Rangi yao hutokana na nyuromelanini. Dutu nyeusi ya mtoto mchanga karibu haina rangi hiyo. Hujikusanya kadiri miaka inavyokwenda, nayo hunasa madini ya chuma. Weusi wenyewe, basi, ni alama ya umri.

Nyuroni za dutu nyeusi zina kazi nzito. Hazingoji kuamshwa: hutoa mapigo ya umeme zenyewe, usiku na mchana, na kila pigo huingiza kalisi ambayo lazima isukumwe nje kwa nishati. Mzigo huo huangukia mitokondria, vinu vya nishati vya seli. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2006 zilionyesha kuwa katika nyuroni hizo, kwa wazee, DNA ya mitokondria hupotea vipande kwa kiwango kikubwa.

Mpaka hapa anayetetea uchakavu anaweza kudhani ameshinda. Lakini mwaka 1991 Julian Fearnley na Andrew Lees, wa London, walihesabu nyuroni zenye rangi katika bongo za marehemu waliokuwa na Parkinson na wasiokuwa nayo. Kwa wasio wagonjwa, dutu nyeusi ilipungukiwa na nyuroni kwa takriban asilimia 4.7 kila miaka kumi. Kwa wagonjwa, asilimia 45 ziliangamia katika miaka kumi ya kwanza. Tofauti hiyo ya kasi ni kubwa, ila kilichonishawishi zaidi ni mahali. Umri hula hasa tabaka la juu na kuliacha nafuu tabaka la chini la upande wa nje. Parkinson huanzia palepale umri ulipopaacha: katika tabaka hilo la chini wastani wa hasara ulifika asilimia 91, na la juu asilimia 56. Kama ugonjwa ungekuwa uzee uliokimbia, ungefuata njia ya uzee. Haukuifuata.

Doa la buluu nalo lina ushahidi wake. Mwaka 2011 Heiko Braak na wenzake nchini Ujerumani walionyesha kuwa mabadiliko ya kwanza ya protini ya tau, yanayohusishwa na Alzheimer, yanaweza kuonekana hapo hata kwa watu wasiofika umri wa miaka 30.

Umri, kwa hiyo, huzidhoofisha nyuroni na kuuandalia ugonjwa nafasi, lakini si ugonjwa wenyewe. Kiswahili kina neno la jambo hilo tayari. Wakulima wa migomba Kagera wanaujua mnyauko: mgomba wenye nguvu hunyauka kwa sababu kuna kilichouingia, na hakuna anayesema umezeeka. Neno hilo humfanya mtu aulize kisababishi.

Na kuuliza huko kuna uzito. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba, na matokeo yao ya mwaka 2008 yalionyesha kuwa wengi wa waliokutwa na Parkinson hawakuwa wamewahi kutambuliwa kuwa wagonjwa. Dawa ya levodopa haizuii nyuroni kufa, lakini humrudishia mgonjwa mwendo na uwezo wa kushika kijiko kwa miaka kadhaa. Babu au bibi akianza kutetemeka mkono akiwa ametulia, akawa mzito wa mwendo na hatua zikafupika, msiseme ni uzee. Mpelekeni hospitali.