Programu-jalizi zilivyoifungulia Ushahidi milango

Januari 2008 Kenya ilikuwa inawaka moto baada ya uchaguzi wa Desemba, na serikali ilikuwa imepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Ory Okolloh, wakili na mwanablogu, aliwaomba mafundi wa kompyuta watengeneze ramani ya kuonyesha ghasia zilikotokea. David Kobia, Erik Hersman na Juliana Rotich wakaitikia. Siku chache baadaye tovuti ya Ushahidi ilikuwa hewani, ikipokea taarifa za wananchi.

Programu hiyo ilitolewa huria: yeyote angeweza kuichukua na kuibadilisha. Haiti ilipopigwa na tetemeko la 12 Januari 2010, ujumbe wa SMS uliotumwa kwa namba 4636 uliwekwa kwenye ramani ya Ushahidi. Tarehe 4 Agosti mwaka huohuo, Wakenya waliitumia kufuatilia kura ya maoni ya Katiba, ile iliyotuletea kaunti 47.

Umaarufu ulikuja na mzigo wake. Njia za kupokea SMS zilikuwa zimeshonwa ndani ya programu yenyewe. Fundi aliyetaka njia nyingine alilazimika kuipasua, na toleo jipya likitoka, kazi yake ilikuwa hatarini kufutika.

Dawa ilipatikana Novemba 2010 katika toleo la 2.0, lililopewa jina la Luanda. Sasa kila nyongeza iliwekwa katika folda yake pekee kama programu-jalizi, na msimamizi aliiwasha au kuizima kwa kubofya. Taarifa ilipoingia, programu kuu ilitoa mbiu. Kila programu-jalizi iliyojiandikisha kuisikiliza ilifanya kazi yake, bila kugusa mstari wowote wa programu kuu.

Manufaa yake yalionekana wazi katika SMSSync, kazi ya Henry Addo wa Ghana. Simu moja ya Android yenye laini ya kawaida ilipokea SMS na kuzipeleka kupitia intaneti kwenye seva, ambako programu-jalizi ilizipokea. Kwa njia hiyo, wafugaji wa Entarara, Kajiado, wangeweza kuripoti ukame au simba aliyevamia boma kwa simu ya mulika mwizi, na kikundi chao kisihitaji kununua namba maalumu kutoka kampuni ya simu.

Hata hivyo, Ushahidi ilipoandikwa upya kwa toleo la 3, programu-jalizi za zamani hazikuweza kuhamia huko moja kwa moja. Ndiyo maana anayefungulia wengine mlango ana wajibu wa kuwatunzia njia. Vijana wanaoandika programu leo Kitengela na Nairobi waanze na swali hili: fundi nisiyemjua, mwenye shida nisiyoijua, ataongezea wapi kazi yake bila kuniomba ruhusa?